Namna ya Kutibiwa Kichwa kwa Barua Ukiwa Nyamache

Kwanza uwe na kichwa kinachouma. Sisemi kile cha mara moja kinacholetwa na jua la kuchuma chai au mkesha wa matanga. Nasema kile kilichokuja kama mgeni wa siku mbili, sasa kina kitanda chake na kinauliza chakula kitaiva saa ngapi. Ukiwa nacho, tafuta kalamu, stempu na imani, maana bila imani stempu ni hasara tupu.

Halafu umtafute daktari. Sharti awe mbali na awe na jina kubwa. Karne ya 18 wenye kichwa sugu huko Ulaya walikuwa na wawili wa kujivunia: William Cullen wa Edinburgh na Samuel Tissot wa Lausanne, Uswisi. Wagonjwa waliwaandikia, nao wakawajibu, na wengi wa wagonjwa hao daktari hakuwatia machoni hata siku moja. Barua za Cullen zilizohifadhiwa Edinburgh ni maelfu. Kazi ilimzidi hata kuanzia mwaka 1781 akawa anatumia mashine ya kunakili barua iliyobuniwa na James Watt, yule yule wa injini ya mvuke, ili kila shauri alilotoa libakie na nakala. Daktari anayenunua mashine kwa sababu ya barua, ujue barua zinamlipa.

Usisikitike kwamba hamtaonana. Kuonana kuna hatari zake. Daktari akikuona anaweza kukushika kichwa, akakipapasa, akagundua kitu.

Sasa andika. Mwaka 1761 Tissot alitoa kitabu cha afya kwa watu wa kawaida, na ndani yake akapanga maswali ambayo mgonjwa lazima ajue kuyajibu anapotaka shauri la daktari. Ana umri gani? Analala vipi? Anakula nini? Choo chake kikoje? Hapo mtu wa Nyamache, huku kwetu Kisii, ana bahati, kwa sababu hakuna mmoja kati yetu anayeweza kueleza ugonjwa bila kuanzia kwa babu yake. Basi anzia kwa babu. Eleza alivyokuwa na kichwa chake, ng'ombe wake, na jirani aliyemwangalia vibaya mwaka wa njaa. Kurasa sita zitakutosha kwa utangulizi.

Jambo moja tu usilitaje mapema: rungu. Ikiwa mwaka jana mlibishana kuhusu mpaka wa shamba na mwenzako akakushushia rungu utosini, liweke ukurasa wa saba, chini ya habari za choo. Ukilitaja mwanzoni daktari atakuelewa haraka, atakujibu mistari miwili, na utakuwa umelipia bahasha bure.

Jibu litafika baada ya majuma mengi. Kwa desturi ya zama hizo utaambiwa utolewe damu, utiwe dawa ya kutoa malengelenge nyuma ya shingo, uache vyakula vizito, na ufanye mazoezi ya kupanda farasi. Farasi Nyamache hatuna. Boda boda ya kwenda Ogembo wakati wa mvua itafanya kazi ile ile, na kichwa kitapata habari zake.

Ukiona huponi, usikate tamaa kama mtu asiye na ukoo. Mtazame Anne Conway, mwanamke wa kikabaila wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1631. Kichwa kilimwanza akiwa na miaka kama 12 na hakikumwacha mpaka alipokufa mwaka 1679. Alishughulikiwa na William Harvey, aliyegundua jinsi damu inavyozunguka mwilini. Alishughulikiwa na Thomas Willis, bingwa wa ubongo, ambaye kichwa cha bibi huyo alikiandikia habari katika kitabu chake cha mwaka 1672. Rafiki wa bibi huyo, mwanafalsafa Henry More, aliandikiana naye kwa miaka mingi, na kati ya hoja za roho na Mungu zikapenya habari za maumivu na dawa. Mwaka 1666 bibi aliletewa kutoka Ireland Valentine Greatrakes, aliyesifika kwa kuponya watu kwa kuwapapasa. Alipapasa weee, kichwa kikabaki pale pale. Mabingwa wote hao, na tiba hakuna! Lakini bibi huyo aliandika falsafa yake katikati ya maumivu hayo, nayo ikachapishwa alipokwisha kufa.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1656 walimvusha bahari hadi Ufaransa ili fuvu lake litobolewe. Wapasuaji wa huko wakakataa. Wakamfungua mishipa ya shingo badala yake, akarudi nyumbani na kichwa chake chote, ndani na nje.

Mtu wa Bobasi, eneo letu hili la Nyamache, akisikia hivyo hucheka. Safari yote ile, na huku kwetu palikuwa na fundi wa kazi hiyo, omobari. Huyu ujuzi wake aliurithi, mara nyingi kwa baba. Alipasua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa kwa kifaa chake pole pole, akitafuta ufa au kipande kilichovunjika, huku ndugu wamemshika mgonjwa na damu ikizuiwa kwa kubanwa. Wateja wake hasa walikuwa watu waliopigwa au kuanguka, kisha kichwa kikakataa kutulia. Huenda Bibi Conway asingefaa hata huku, maana hakuna aliyempiga.

Msidhani nawapigia debe wazee. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliandika habari za kazi hii. Miongoni mwa aliowaeleza ni Mkisii aliyerudi kwa fundi mara nyingi mno, hata sehemu kubwa ya fuvu lake la juu ikawa haipo, naye bado alikuwa hai na alivaa kofia ya kujikinga. Madaktari walistaajabu kwamba aliishi. Mimi nastaajabu zaidi kwamba alirudi, maana anayerudi hivyo hajapona.

Ila omobari alikuwa na kitu ambacho Cullen, pamoja na mashine yake, hakuwa nacho. Mwandikie barua ya kurasa sita uone. Atauliza jambo moja tu: kichwa chenyewe kiko wapi? Kisha atauliza nani alikupiga, na wapi. Lile rungu ulilolificha ukurasa wa saba, kwake ndiyo salamu ya kwanza.

Siku hizi stempu imepungua umuhimu. Unamtumia binamu aliye Nairobi ujumbe wa sauti, binamu anamuuliza jamaa mwenye chemisti, na jioni dawa inashuka kwa matatu ikiwa imefungwa kwa gazeti. Unakunywa. Kinatulia. Kesho unakunywa tena. Ukifika mahali pa kumeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, vidonge vyenyewe vinaweza kuwa ndivyo vinavyokiumiza kichwa. Hilo nalo binamu halisikii katika ujumbe wa sauti.

Mwongozo wangu una kikomo kimoja, na hapa sifanyi mzaha. Ukipigwa au ukianguka, kisha kichwa kikazidi kuuma, ukatapika, ukasinzia ovyo, ukaona viwili viwili au mkono mmoja ukalegea, weka kalamu chini na simu uitumie kuita gari tu. Nyamache kuna hospitali, na Kisii mjini kuna kubwa zaidi. Kipeleke kichwa chenyewe, na ukifika mlangoni, la rungu liseme kwanza.