Shangazi wa Mzunguko: Barua za wenye presha

Wanangu, barua za wiki hii zimefurika kuliko Jangwani wakati wa masika, na karibu zote zinamtaja mtu mmoja: kocha. Nimechambua nilizoweza. Anayetaka nimwambie mechi ya Jumamosi itaishaje asiniandikie. Mkeka wangu mwenyewe umechanika, bado naushona.

*

*Shikamoo Shangazi. Timu yetu imefungwa mechi mbili mfululizo. Kijiweni tumekaa kikao, tumejadili mfumo, tumejadili mazoezi, tumejadili mpaka koti la kocha, tukapitisha kwamba aondoke. Aliyepinga ni muuza kahawa peke yake. Eti tumpe kocha muda. Sasa tuhame kijiwe au tumhamishe yeye?*
*Mjumbe wa Kikao, Manzese*

Marahaba mwanangu. Muuza kahawa mwacheni, ndiye pekee hapo kijiweni aliye kazini.

Mechi mbili, umesema? Basi tukumbushane. Miguel Gamondi, yule Muargentina, msimu wa 2023/24 aliwapa nyinyi Yanga ubingwa, akamtandika mtani Simba 5-1, akawafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Walitolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya dakika 180 zisizo na bao. (Shuti la Aziz Ki kule Pretoria lilivuka mstari au halikuvuka? Hilo silijibu, daktari kanikataza.) Msimu uliofuata akaanza ligi kwa kushinda mechi nane, nyavu zake hazijaguswa. Halafu Azam wakamfunga 1-0, Tabora United wakamfunga 3-1, na Novemba 2024 haikufika mwisho kabla hajafungashiwa virago.

Akaja Sead Ramovic. Mechi yake ya kwanza, Al Hilal ya Sudan ikamlaza 2-0 hapahapa Dar es Salaam. Mkaanza kununa, na ilipofika Februari mwenzenu akaaga akaenda zake Belouizdad ya Algeria. Yaani wa kwanza mlimwacha nyinyi, wa pili akawaacha yeye. Akaingia Miloud Hamdi, akabeba ubingwa, mwezi Juni akamfunga mtani 2-0, naye akaondoka.

Hapo nakusikia unaruka: "Unaona, Shangazi! Makocha watatu msimu mmoja na kombe likaja!" Likaja, sikatai. Lakini golini alikuwa Diarra yuleyule, nyuma Job na Bacca walewale, mbele Aziz Ki na Pacome walewale. Sasa kama kombe lilikuwa la wachezaji, vile vipigo viwili vya Novemba vilikuwaje vya kocha peke yake? Kila mara nikiuliza swali hili kijiweni, watu wanaagiza kashata.

Na Gamondi alikoishia mnakujua. Novemba 2025 alikabidhiwa Taifa Stars, na kwenye AFCON kule Morocco timu ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushiriki. Mtaa wangu haukulala. Wa Manzese nanyi sidhani kama mlilala.

Nanyi wa Msimbazi msicheke kwa nguvu. Agosti 2023 kocha wenu Robertinho aliwapa Ngao ya Jamii kule Tanga kwa kumtoa mtani kwa penalti, mkamwimba. Novemba ikaja ile 5-1, na siku chache baadaye jina lake likageuka matusi.

Basi fanyeni hivi. Kikao kiendelee, ila kabla ya kupiga kura kila mjumbe aandike kwenye karatasi: nani alicheza beki wa kulia siku mliyofungwa, na bao la pili lilianzia kwa nani kupoteza mpira. Asiyejua hapigi kura. Karatasi asahihishe muuza kahawa.

*

*Shangazi, sauti yangu pale Mzunguko inajulikana. Jumamosi nilipiga kelele, "Mtoe huyo namba sita, anatembea tu!" mpaka jukwaa zima likaitikia. Dakika ya 70 kocha akamtoa. Tulikuwa tunaongoza 1-0. Tukafungwa mawili. Sasa majirani zangu wa jukwaani wananitazama kwa jicho la pembeni. Nina hatia?*
*Koo la Zege, Tandika*

Unayo. Ila mtagawana na kocha, maana mwenye mshahara ni yeye.

Tatizo lako mwanangu ni letu sote wa kiingilio cha chini: macho yanafuata mpira. Namba sita anayejua kazi yake, sehemu kubwa ya kazi hiyo anaifanyia mahali ambapo mpira haupo. Anasogea hatua tatu kushoto. Winga wa wapinzani anainua kichwa, anakuta njia ya pasi imezibwa, anarudisha mpira kwa beki wake. Wewe jukwaani unacheka, "Ameogopa!" Aliyemtia hofu hukumwona. Beki wako wa pembeni anapanda kupiga krosi, unasimama kwenye kiti kumshangilia. Lile shimo aliloacha nyuma analilinda nani? Huyohuyo anayetembea.

Sasa mtoe, umwingize mshambuliaji wa tatu. Jukwaa litafurahi kwa dakika nne. Kisha katikati pote panakuwa peupe, mabeki hawana wa kumpa mpira, wanaanza kubutua. Mipira iliyobutuliwa inarudi ilikotoka, safari hii ikiwa na watu. Nenda katazame tena yale mabao mawili, uone yalipitia wapi.

Sisemi kila namba sita anayetembea ni hodari. Wapo wanaotembea kwa sababu wamechoka, na hao hata mimi nawapigia kelele. Lakini mtu huwezi kuwatofautisha kama huwatazami. Kwa hiyo adhabu yako ni hii: mechi ijayo, dakika 15 za mwanzo usiangalie mpira kabisa. Mwangalie yeye. Majirani watadhani umeanza kuumwa, wavumilie. Nilishawapa wengi dawa hii, na wengi waliitema ilipopigwa kona ya kwanza.

*

*Shangazi, mimi Mwananchi, mume wangu Mnyama damu. Tunapendana. Ila timu yake ikiwa nyuma wakati wa mapumziko anazima luninga, anaondoka na rimoti kwenda kulala. Mimi nabaki naangalia ukuta, na kipindi cha pili ndicho nilichokuwa nakisubiri. Nimfanyeje?*
*Mke wa Rimoti, Mbagala*

Pole mwali. Mumeo mkumbushe tarehe 20 Oktoba 2013. Yanga walikwenda mapumziko wakiwa mbele 3-0, Mrisho Ngassa moja, Hamis Kiiza mawili. Wenye akili za mumeo kwao mechi ilikuwa imeisha. Chumbani, kocha wa Simba Abdallah Kibadeni akabadilisha watu. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akarudisha moja, na mengine mawili yakafungwa na mabeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze. Ikaisha 3-3. Aliyelala na rimoti aliamka asubuhi akabishana na gazeti.

Na huyo Kibadeni, hata kama barua yako haikumuulizia, niacheni nimseme kidogo. Mwaka 1977 Simba ilipoifunga Yanga 6-0, mabao matatu yalikuwa yake. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu na Stella kule Abidjan na kuja kulala 2-0 nyumbani, kocha alikuwa yeye. Mwaka 2013 akafanya hayo ya mapumziko. Mtu anayeijua mechi ya watani kwa miguu na kwa kichwa, wa kumzidi simjui. Na mwaka huohuo haukuisha kabla Simba hawajaachana naye na kumleta Mkroatia, Zdravko Logarušić.

Wataniambia timu haikuwa inafanya vizuri kwenye msimamo. Sawa. Lakini mbona wa kutoka nje huondoka na kupokewa na mkataba mwingine, na mzawa huitwa kaimu? Juma Mgunda alipewa Simba Septemba 2022, akaiingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa, na Januari akaletwa Mbrazili, yuleyule Robertinho. Aprili 2024 kocha Benchikha alipoondoka, simu ikapigwa kwa nani? Kwa Mgunda. Na jukwaani hakuna aliyeuliza, kwa sababu shabiki wetu naye akisikia jina lisilotamkika anaamini ufundi umefika.

Haya, rimoti. Kariakoo zipo, nunua ya pili, ifiche ndani ya ndoo ya mchele ambako mumeo hajawahi kufika. Ila siku timu yako ikiwa mbele 3-0 mapumziko, mwali, zima wewe ukalale.

*

*Shangazi, tuamulie. Mimi nasema fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 Yanga hatukufungwa na USM Alger. Kaka yangu anasema tulifungwa. Hatusalimiani.*
*Mdogo Mtu, Kinondoni*

Dar es Salaam mlifungwa 2-1. Algiers mkashinda 1-0. Jumla 2-2, wakachukua wao kwa mabao ya ugenini. Kwa hiyo kwa jumla upo sahihi, na kombe lipo Algeria. Msalimie kaka yako.

*

*Shangazi, tawi letu limepitisha mchango wa shilingi 10,000 kila mwanachama kwa ajili ya "kamati ya ufundi". Nilipouliza ni ufundi gani, mwenyekiti akanitazama kama mtoto wa chekechea.*
*Mwenye Kadi Hai, Tanga*

Na wewe usijifanye hujui. Aprili 2022, kabla ya marudiano na Orlando Pirates kule Afrika Kusini, Simba waliwasha moto katikati ya uwanja. CAF ikawatoza faini na Pirates wakawatoa kwa penalti, kwa hiyo hasara ililiwa mara mbili. Mchango toa, ila udai risiti inayoeleza fedha zimetumika kwa kazi gani. Mwenyekiti akithubutu kuiandika, niletee niiwekee fremu.

*

*Shangazi, wewe ni timu gani?*
*Wengi, mikoa mbalimbali*

Coastal Union. Mabingwa wa 1988. Anayefuata.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kocha wa timu ya ndondo. Uwanja wetu hauna uzio, kwa hiyo mashabiki wanasimama mstarini na kunifundisha. Mmoja kila siku anataka tucheze 3-5-2. Mwingine anataka mpwa wake aanze. Wa tatu, fundi baiskeli, huwa anaingia kabisa uwanjani kumpanga beki wangu. Nikiwanyamazisha nina kiburi, nikiwasikiliza tunafungwa. Malipo yangu ni nauli na sahani ya chipsi. Nifanyeje?*
*Kocha wa Chipsi, Kigogo*

Marahaba baba. Katika gunia zima la barua, ya kocha ni hii moja. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Wa 3-5-2 muulize kwa upole: wale wawili wa pembeni, wa kupanda na kushuka dakika zote, atawatoa wapi, na vijana wako wameshinda wanabeba zege tangu alfajiri? Mfumo haupangwi kwa kuangalia luninga, unapangwa kwa kuangalia mapafu uliyonayo. Huna watu wa kukimbia, weka wanne nyuma, waambie wakae karibukaribu, mpira upitie kwa yule mmoja mwenye utulivu. Si mpira wa kupendeza. Lakini uwanja hauna uzio, asiyependezwa anajua njia ya kutokea.

Mwenye mpwa mwalike mazoezini siku ya Jumanne, amwone mpwa mwenyewe kwa macho yake. Mara nyingi mjomba harudi tena na ombi.

Fundi baiskeli ndiye anayenivutia. Mtu anayekubali kuzomewa ili aende kumsogeza beki, huyo kuna kitu kakiona. Mkae pembeni kabla ya mechi, umuulize ni nini. Huenda ni upuuzi mtupu. Huenda pia beki wako ana tabia ya kubaki hatua mbili nyuma ya wenzake, kila mtego wa ofsaidi unafia kwake, na wewe kwa sababu unahangaika na mjomba hujaliona. Likiwa la maana, umepata msaidizi asiye na mshahara. Likiwa la upuuzi, mpe kibendera. Ndondo haijawahi kuwa na waamuzi wa pembeni wa kutosha. Atanyanyua ofsaidi moja, azomewe na pande zote mbili pamoja na mkewe, na wiki ijayo atakuja kukuuliza wewe unawezaje.

Kuhusu malipo: nauli usiiguse, hiyo ni haki yako. Ila kikao cha uongozi kikikaa tena, gonga meza. Kwa matatizo unayoyapata, usishuke chini ya chipsi mayai.