Mhazini na Namba Hasi

Katika chama cha kufa na kuzikana cha Watanzania wa Houston, Texas, hakuna anayethubutu kubishana na mhazini. Mtu huyu, mzaliwa wa Tanga, ambaye kila mtu humwita Shemeji, hata wale ambao hakuoa kwao, anajua nani hajalipa mchango wa Machi na nani alilipa nusu akaapa kwamba nusu nyingine iko njiani. Msiba ukitokea usiku, asubuhi ameshapiga hesabu ya tiketi, ya kusafirisha maiti na ya kitakachobaki benki. Senti haipotei. Kwa hiyo mwaka 2015, alipotangaza kwamba anarudi shule kusomea uhasibu, wanachama walidhani anakwenda kuchukua cheti tu cha kazi ambayo tayari anaiweza.

Chuo kikamwambia aanze na Aljebra ya Kati.

Hapa inabidi kueleza kidogo. Wamarekani wana vyuo vya jamii tangu 1901, kilipoanzishwa kile cha Joliet, Illinois, na sifa kubwa ya vyuo hivi ni kwamba havimfungii mtu mlango. Ada ni nafuu, masomo yapo mpaka usiku, na hakuna anayeuliza ulikuwa wapi miaka yote hiyo. Katika darasa la Shemeji walikuwemo kijana aliyemaliza sekondari juzi, bibi mwenye wajukuu, mwanajeshi mstaafu na dereva wa lori aliyekuja na koti lenye harufu ya dizeli. Ila aliyepita mlangoni wakati huo alikutana na mtihani wa kupima kiwango, na kwa wenye umri wa Shemeji mtihani huo haukuwa na adabu. Aliyeanguka alipelekwa kwenye masomo ya kujiandaa. Aliyalipia ada kamili, aliyafanyia mitihani, na uniti zake hazikuhesabiwa kwenye shahada.

Lililomuuma zaidi ni kwamba Aljebra ya Kati ndiyo ileile wanayosoma watoto wa sekondari za Marekani. Binti yake Zuhura alikuwa anaisoma mwaka huohuo. Jioni baba na mwana walikaa meza moja, kila mmoja na daftari lake, na mwenye kumaliza kwanza hakuwa baba.

Si kwamba hakuwahi kusoma. Milinganyo ya kipeo cha pili aliisoma kidato cha pili, na mtihani wa taifa wa hisabati aliufanya bila kalkuleta, kwa kalamu na kitabu cha majedwali. Logi alizitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Houston wakamtaka anunue kalkuleta ya kuchora grafu, ambayo bei yake ilizidi dola 100, na alipoitoa kwenye boksi akakuta ina alama mbili za kutoa.

Moja ni ya kutoa kweli. Nyingine, iliyo chini kabisa ndani ya mabano, ni ya namba hasi. Mtu akianza hesabu mpya kwa ile ya kwanza, mashine hudhani anaendelea na hesabu iliyopita, huchukua jibu la zamani na kutoa humo. Shemeji aliandika –5 + 2 akitarajia –3. Jibu la swali lililotangulia lilikuwa 47. Mashine ikampa 44, kwa maandishi makubwa yasiyo na shaka, naye akainakili. Na hata alipoijua ile alama sahihi, akaandika –3 na kipeo cha pili juu yake, alipata –9, kwa sababu bila mabano kipeo kinaishika 3 peke yake na ile hasi inasubiri nje. Mhazini aliyezoea deni kuwa deni alichukua muda kukubali kwamba deni linaweza kusubiri nje.

Mwalimu wao, dada mdogo kwake kwa umri, aliwaomba wamwite kwa jina la kwanza. Shemeji hakuweza. Alimwita Madam, na siku aliyochelewa alisimama mlangoni akingoja ruhusa ya kuingia mpaka darasa zima likageuka kumtazama. Madam ndiye aliyeandika ubaoni 20 ÷ 5 × 2. Wenzake waliofundishwa Marekani kifupisho kinachotaja kuzidisha kabla ya kugawanya wakakimbilia 2. Shemeji, mtoto wa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), aligawanya kwanza, akapata 8, akawa shujaa wa jioni hiyo. Ushujaa ulikoma kwenye swali lililofuata: 8 – 3 + 2. MAGAZIJUTO inatanguliza kujumlisha, naye akajumlisha, akapata 3, wakati jibu ni 7. Kutoa na kujumlisha huenda pamoja, kutoka kushoto kwenda kulia, na kanuni hii haikupata herufi yake katika vifupisho vya upande wowote wa bahari.

Kazi za nyumbani zilifanyika kwenye kompyuta. Programu ilichora kisanduku na kando yake ikaandika kabisa x =, ili mtu ajaze namba. Shemeji, aliyelelewa na walimu waliokata maksi kwa jibu lisilo na herufi, akaandika x = 3. Kisanduku kikawa chekundu. Akaandika tena kwa utulivu zaidi. Chekundu. Zuhura alipita nyuma yake na kikombe cha chai, akasema, “Baba, andika tatu tu,” akaenda zake chumbani.

Kisha kulikuwa na maswali ya maneno. Bomba la kwanza linajaza tangi kwa saa 4, la pili linaliacha tupu kwa saa 6, yote mawili yamefunguliwa. Tangi litajaa baada ya saa ngapi? Mtu aliyekulia kwenye mgao wa maji halisomi swali hili kama Mmarekani. Shemeji alinyoosha mkono akauliza kwa nini hilo bomba la pili lisifungwe kwanza. Madam alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Robo kutoa sehemu moja ya sita ni moja ya kumi na mbili, kwa hiyo tangi linajaa kwa saa 12, na hiyo hesabu aliipata upesi kuliko wengi. Alichokataa ni kuwaacha wenye tangi lile wamwage maji usiku kucha bila mtu kuwaambia.

Saa nazo zilimponza. Mtihani wa katikati ya muhula ulipangwa saa moja jioni, ambayo karatasi ya chuo iliiandika 7:00. Shemeji akanakili kwenye friji: “Mtihani Jumanne, saa 7.” Mama Zuhura, anayeisoma saa kama ilivyosomwa kwao, alimwamsha adhuhuri akiwa amejilaza baada ya zamu ya usiku ghalani. “Baba Zuhura, amka, utachelewa!” Saa saba kamili mchana alikuwa mbele ya darasa lililofungwa, ametoka jasho, na penseli mbili mkononi. Alikaa chuoni mpaka magharibi. Baadaye alisema hakuna siku aliyojiandaa vizuri kama hiyo, kwani hakuwa na pengine pa kwenda.

Ndani ya mtihani huo kulikuwa na swali ambalo bado hulisimulia kwenye vikao. Kipeuo cha pili cha x + 6 ni sawa na x; tafuta x. Njia inajulikana: pandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili, upate x + 6 = x², hamisha, tafuta vigawo, na majibu yanatoka mawili, 3 na –2. Alifuata kila hatua bila kosa. Ukirudisha 3 kwenye mlinganyo, kipeuo cha 9 ni 3, safi. Ukirudisha –2, kipeuo cha 4 ni 2, wala si –2. Jibu la pili ni mzamiaji: limeingia ukumbini wakati wa kupandisha vipeo, limevaa suti, limekaa meza ya wakwe, na hakuna aliyelialika. Shemeji, ambaye mlangoni mwa shughuli za chama hukagua kadi moja moja, aliyaandika yote mawili. Alikatwa maksi kwa kutokagua.

Wakati yeye anahangaika, Wamarekani wenyewe walikuwa wanagombana juu ya somo hilo. Mwaka 2012 Andrew Hacker, profesa mstaafu wa sayansi ya siasa wa Queens College, alikuwa ameuliza kwenye New York Times kama kweli aljebra ni lazima kwa kila mtu, na hoja yake ilikuwa kwamba somo hili linawaangusha njiani watu ambao kazi zao hazitalihitaji kamwe. Hacker ana hoja, ingawa kwa mhasibu mtarajiwa ni vigumu kuitetea. Mwaka 2017 California na Texas zikatunga sheria za kupunguza ule mlolongo wa masomo ya kujiandaa: mwanafunzi aingie moja kwa moja kwenye hisabati ya chuo, asaidiwe akiwa humohumo. Shemeji alisoma habari hiyo akiwa ameshamaliza kulipa. Aliuliza kama wanarudisha.

Faraja aliipata kwa mtu wa mbali. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra mjini Baghdad mwanzoni mwa karne ya tisa, hakutumia herufi x wala namba hasi. Aliandika kila kitu kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi na wasia. Hiyo Shemeji anaiweza amelala. Marehemu ameacha mke, mwana mmoja na mabinti wawili: kwa mirathi ya Kiislamu, mke moja ya nane, inayobaki saba ya nane igawanywe mafungu manne, mwana achukue mawili. Kila binti 7/32, mwana 14/32, mke 4/32. Alimwandikia Madam hesabu hiyo pembezoni mwa karatasi ya mtihani wa mwisho, bila kuulizwa. Madam akaweka alama ya vema, bila kutoa maksi.

Alifaulu kwa C, ambayo inatosha. Muhula uliofuata akaanza Aljebra ya Chuo, akafungua kitabu kipya, kizito zaidi na ghali zaidi, na kukuta sura nzima ya kwanza ni marudio ya Aljebra ya Kati. Zuhura akatangaza kuwa safari hii msaada ni wa kulipia, kwa saa, na mikopo hapokei.