Mwongozo kwa Mkufunzi Mgeni wa Uuguzi Anayelala Musanda

Hongera. Umepata kazi ya kufundisha wauguzi, na kwa kuwa kodi ya Kakamega mjini ina wenyewe, umeamua kukaa Musanda, katikati ya miwa ya Mumias Magharibi. Umeambiwa kufundisha ni kupumzika, ukilinganisha na wodi. Aliyekuambia bado yuko wodini na hakukusudia kukudanganya. Hajui tu.

Amka saa kumi na moja. Boda hadi Mumias, na ikiwa chuo chako ni Masinde Muliro au KMTC ya Kakamega, matatu kupitia Shianda. Usisome maandalio ya somo garini. Abiria wa pembeni ataona neno "kisonono" na safari nzima itakuwa ushauri nasaha.

Wodini utakuta wanafunzi wako wamezunguka kitanda kimoja, na juu yake mzee mwenye mshipa mmoja unaoonekana. Kila mwanafunzi ana kitabu chake cha taratibu, na kila ukurasa unataka sahihi yako kwamba umemshuhudia kwa macho akiweka kanyula, akifunga kidonda, akizalisha mama. Mama anayezaa leo ni mmoja. Wanafunzi ambao hawajatimiza idadi yao ya uzazi ni saba, na mtihani wa Baraza la Wauguzi haungoji. Wapange foleni kwa upole, na usisahau kumwomba huyo mama ruhusa, wengine husahau. Mkono wa mwanafunzi ukitetemeka, tia wako chini yake. Akikosea, jina litakaloitwa ofisini ni lako.

Hapo sista wa zamu atakusogelea akitabasamu. "Karibu mwalimu, leo tuko wawili tu." Hiyo si salamu. Maana yake dawa za upande wa dirishani ni zako. Utazigawa, kwa sababu wewe ni muuguzi na wagonjwa wanakutazama. Mwisho wa mwezi, ukiulizia marupurupu ya muuguzi, utaambiwa wewe ni mwalimu. Wanafunzi wakifunga, ukiomba likizo kama mwalimu, utakumbushwa kwamba wodi haifungwi. Usitafute ofisi ya tatu ya kusuluhisha jambo hili. Haipo.

Kuhusu migomo, jiandae kwa yote miwili. Wauguzi wa umma wakigoma, kama walivyofanya mwaka 2017 kuanzia Juni hadi Novemba, wanafunzi wako hawana wodi ya kujifunzia, na hospitali za misheni zinafurika. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma wakigoma, kama mwaka 2025 walipokaa nje siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9, wodi ipo lakini darasa hakuna. Kisha muhula hubanwa, na wiki zilizopotea zitapatikana Jumamosi. Jumamosi zako, bila shaka.

Karo nayo utaifahamu kuliko mhasibu. Mzazi wa huku atakupigia simu kukueleza kwamba miwa imekatwa lakini haijalipwa. Usibishane. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na tangu hapo neno "wiki ijayo" limekuwa kalenda ya nyumba nyingi hapa. Utamwombea mwanafunzi huyo afanye mtihani, kisha utaulizwa ofisini kama ni mtoto wa dada yako.

Ukirudi Musanda jioni, usitegemee kwamba umefika nyumbani. Kijijini hakuna mkufunzi wala muuguzi; kuna "daktari", na daktari ni wewe. Utakuta mama wawili chini ya mwembe wakingoja kupimwa presha, na mzee mwenye picha ya eksirei ndani ya karatasi ya nailoni. Ataiinua kuelekea jua linalotua na kukuomba usome. Isome. Ukisema hiyo si kazi yako, maneno yatafika kwa mama mkwe kabla ya ugali kuiva. Matangani ni vivyo hivyo: mshereheshaji atatangaza kwamba "daktari wetu" yupo, utapewa kipaza sauti ueleze marehemu aliugua nini. Taja presha, mtaje Mungu, ukae. Usiseme lolote kuhusu rufaa iliyochelewa, maana mwenye kliniki amekaa hema la pili.

Halafu kuna barua za mapendekezo. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021, hizo zimekuwa somo lako la pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023, kwa hiyo vyuo vinaambiwa viongeze wanafunzi. Kuongeza walimu hakutajwi kwa sauti hiyo hiyo. Yule uliyemfundisha kutandika kitanda cha mgonjwa atakutumia picha akiwa kwenye theluji, na swali la heshima: "Mwalimu, bado uko huko?" Mjibu kwamba uko, na umuulize kama bado anakunja pembe za shuka vizuri.

Somo la uchovu wa kazi utalifundisha Jumatatu asubuhi, baada ya kusahihisha usiku kucha. Orodhesha dalili ubaoni: kukosa usingizi, kusahau, hasira za karibu. Wanafunzi watakutazama, watatazama ubao, watakutazama tena. Endelea tu na kipengele cha nne.

Mwisho utaletewa fomu ya ustawi wa wafanyakazi, irudishwe Ijumaa pamoja na alama za mtihani. Inauliza unalala saa ngapi kwa usiku. Andika nane. Ukiandika ukweli, utateuliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya ustawi, na vikao vyake ni vya jioni.