Shangazi Spana Anajibu: Noah Mpya, Matuta Yaleyale

*Shikamoo Shangazi. Naishi Goba, Dar es Salaam, na mke, watoto wanne, mama mkwe na dada wa kazi. Nina Noah AZR60 ambayo haijawahi kunidai kitu kikubwa. Jirani kaleta Noah ya 2022, na tangu siku hiyo mke wangu hanipi chai mpaka nitaje tarehe ya kununua. Hiyo mpya ina uzuri gani na ubaya gani?*
*Baba Wanne, Goba*

Marahaba mwanangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi badala ya yule bwana wa ukurasa wa mapenzi. Yeye angekwambia mkae chini mzungumze. Mzungumze nini? Mwanamke ameshaona mlango unaojifungua wenyewe! Hapo mazungumzo yamekwisha, imebaki bei.

Kwa faida ya wasomaji wapya, nijitambulishe kwa ufupi, ingawa ufupi haunitendei haki. Mimi ndiye Shangazi Spana. Mafundi wa Gerezani wakisikia kikohozi changu getini, spea feki zinarudi chini ya benchi zenyewe. Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa sababu nilimsahihisha mbele ya fundi. Mume wa pili nilimpata siku hiyohiyo, maana ndiye alikuwa fundi. Sebuleni kwangu imetundikwa hati ya shukrani kutoka kwa majirani. Ni kweli niliiandika mimi, lakini saini ni zao.

Haya, Noah. Huwezi kuijua mpya bila kuijua ya kale, na ya kale naijua kuliko walioiunda. Ile tunayoiita "old model", SR40 na ndugu yake SR50, ilitoka mwaka 1996, injini ikiwa chini ya viti vya mbele na, kwa SR40, nguvu ikienda magurudumu ya nyuma. Ukitaka kuchungulia injini unainua kiti. Desemba, Wachaga wakipanda kwenda Moshi kula sikukuu, dereva wa gari hilo alikuwa anafika Korogwe ameiva upande wa chini. Nilisema wakati ule, mbele ya mashahidi, kwamba injini ihamishwe. Mwaka 2001 Toyota wakaihamisha mbele, nguvu wakaipeleka magurudumu ya mbele, na mlango wa kuteleza, uliokuwa upande mmoja tu, wakauweka pande zote mbili. Sidai kwamba walinisikia. Nasema tu kwamba tarehe zinaendana.

Hiyo ya 2001 ndiyo yako. Mtaani iliitwa "new model" na mpaka leo inaitwa hivyo, ingawa ina umri wa kugombea ubunge. Injini yake, 1AZ-FSE, ni ya D-4, maana yake petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ndiyo maana inachagua mafuta, na ukiipa petroli chafu inaanza kutetemeka ikiwa imesimama, na mafundi wanakwambia imejaa masizi. Kama yako haijakusumbua, basi ama una bahati ama unasoma safu yangu. Naandika la pili.

Ya 2007 naipita, haikuniomba ushauri. Tuje ya Januari 2014, ZRR80, kwa sababu hapo ndipo akili iliingia. Wajapani walishusha sakafu kwa milimita 85. Kwa mtu asiye na mama mkwe, hiyo ni namba tu. Kwa wewe, ni amani ya nyumba. Kimo cha kupandia, kwa gari la magurudumu mawili, kilibaki sentimita 36, na ndani pakapatikana mita 1.4 kutoka sakafuni hadi kwenye paa, mtoto wa darasa la pili anabadilisha sare akiwa wima.

Usiniamini mimi, ingawa ungekuwa na akili ungeniamini. Chukua mkaa, chora mstari ukutani sentimita 36 kutoka chini, kisha umwombe mama mkwe anyanyue mguu ufike hapo. Akifika kimya, gari lolote litamfaa. Akifika huku anamtaja Mungu, anahitaji ZRR80 au mpya zaidi. Akikataa kunyanyua mguu, tatizo lako si la magari na sasa unaweza kumwandikia yule bwana wa ukurasa mwingine.

Sasa hiyo ya jirani. Ni ya Januari 2022, familia ya 90. Kimo cha kupandia kimepanda kidogo, sentimita 38, lakini wamebuni kidaraja cha pembeni ambacho mlango ukifunguka nacho kinatoka, kikiwa sentimita 20 tu kutoka ardhini. Hakina mota. Ni mlango wenyewe unaokisukuma. Nilipoona hilo nilinyamaza kwa muda, jambo ambalo mume wangu aliliandika kwenye kalenda. Lakini sikiliza vizuri: kidaraja hicho si cha kila gari. Mnunuzi wa kwanza kule Japani ndiye aliyechagua kukilipia au kutokilipia. Kwa hiyo ukipekua picha za mnada, usiangalie rangi. Angalia chini ya mlango wa kushoto.

Uzuri mwingine ni wa mlango huohuo. Zipo za 2022 zenye rada inayotazama nyuma. Mtoto akibonyeza kufungua wakati pikipiki inakuja ubavuni, mlango unakataa. Mjapani alikuwa anawaza baiskeli ya mama anayetoka sokoni. Hajawahi kuiona bodaboda ya Mwenge inayopita kushoto, kulia na, Mungu akipenda, juu. Hata hivyo amekusaidia bila kukujua. Ila mfumo wa kuonya mgongano wa mbele utakuchosha. Umeundiwa nchi ambayo watu wanaachiana nafasi, na kwenye foleni yetu utalia mpaka uhisi umebeba abiria mwenye presha.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo weka simu pembeni. Gari hili lilichorwa kwa ajili ya familia moja ya Nagoya: watoto wawili, barabara laini, maegesho finyu, bibi anayekuja Jumapili. Kila kitu ulichokiona kwa jirani ni jibu la swali la familia hiyo. Panapofanana swali lako na lao, hela yako imeenda mahali pake. Panapotofautiana, unalipia jibu la mtu mwingine. Bibi mnaye wote. Barabara ya Goba unayo peke yako.

Mfano: sakafu ya chini ni tamu mlangoni, lakini pakia watu wanane, mikungu ya ndizi na begi la mama mkwe ambalo halijawahi kufunguliwa mbele ya watu. Springi zikilala, yale mabampa yenye sketi, hasa ya matoleo ya Si kwa ya 2014 na S-Z kwa ya 2022, yanaanza kusalimiana na matuta. Ukipenda sura hiyo, dawa ni hii: kabla ya kila tuta watoto washuke, wavuke kwa miguu wakiimba, wapande upande wa pili. Nimeshauri familia moja hivyo na watoto wao sasa ni wanariadha. Au nunua lenye bampa la kawaida. Ni hiari yako.

Kuhusu mafuta: vipimo vya Japani vinaipa ya 2022 ya haibridi zaidi ya kilomita 23 kwa lita, na ya petroli tupu, injini ya lita mbili, kama 15. Barabarani kwetu utapata pungufu, lakini foleni ndiyo nyumbani kwa haibridi, kwa sababu gari likisimama injini inazima na likijivuta mwendo wa konokono betri ndiyo inayofanya kazi. Ukienda zako Moshi bila foleni, faida hiyo inapungua. Na je, unajua betri hiyo iko wapi? Chini ya viti vya mbele! Toyota walihangaika kuondoa injini chini ya makalio ya dereva, wakaenda kuweka betri palepale. Wangeniuliza. Feni inayoipoza inavuta hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo vumbi, nywele na maganda ya karanga vikiziba tundu lake, betri inachemka. Katika nyumba ya watoto wanne, tundu hilo ni la kusafishwa kama unavyopiga mswaki.

Za petroli zinatumia gia boksi ya CVT. Ina mafuta yake maalumu. Fundi akikwambia "yote ni mafuta ya otomatiki", mpe mkono, mshukuru, ondoka na funguo zako. Na tairi la akiba ulitafute kabla hujalipa: kwenye nyingi za siku hizi utakuta chupa ya dawa ya pancha na pampu ndogo. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari. Tundu la jiwe la Goba litaicheka.

Pesa. Kwenye kikokotoo cha TRA, gari likivuka miaka 8 linabeba tozo ya uchakavu, likivuka 10 tozo inakua. Ya 2022 haimo humo bado, lakini thamani yake ni kubwa na kodi inahesabiwa juu ya thamani. Ya 2014 ni rahisi kununua, halafu uchakavu unakuja kudai fungu lake. Piga hesabu ya jumla mpaka namba za usajili. Bei ya Yokohama peke yake ni hadithi.

Kuna jambo moja kubwa nilitaka kueleza kwa kirefu, lakini nafasi imeliwa na hati ya shukrani. Nalo ni hili: mko wanane. Haibridi ya 2014, ZWR80, iliuzwa ikiwa na viti saba tu. Ukiinunua, kila safari mtu mmoja anabaki, na wote tunajua mke wako atamchagua nani. Kwenye familia ya 2022, haibridi ya viti vinane ipo, lakini nyingi ni za viti saba, vile vya katikati vya kifahari vinavyoteleza nyuma sana. Hesabu mikanda kwenye picha.

Uamuzi: kama fedha ipo, ya 2022, viti vinane, bampa la kawaida, kidaraja kushoto. Kama haipo, ZRR80 ya petroli, viti vinane, na mke umwambie ni Shangazi kasema. Kama zote hazipo, safisha hiyo AZR60, ibadilishe plagi, na jifunze kupika chai.

*Shangazi, mimi ni dereva wa Arusha. Noah yangu ya 2014 inabeba abiria, na mlango wa umeme umekufa upande wa konda. Fundi anataka hela nyingi.*
*Mlango Mgumu*

Mwanangu, kwanza kibali cha LATRA kiwepo, maana Noah ya abiria, huo mchomoko wenu, ikikamatwa bila kibali mimi sikujui. Pili, mlango huo unavutwa na mota na waya. Konda wako anauvuta kwa nguvu za mtu anayefukuza mbuzi shambani, wakati mota nayo inavuta kwa mwendo wake. Waya unachoka kusuluhisha. Nilipendekeza zamani makonda wote wavishwe glavu za kuokea mikate, serikali ikakaa kimya. Basi fanya hivi: kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzima umeme wa mlango. Ukishatengeneza, izime ukiwa kazini, mlango uwe wa mkono. Jumapili iwashe, mchukue mama yako kanisani, mlango ujifungue taratibu, majirani waone.

*Shangazi, kuna mwanamke ndani ya Noah mpya ya mume wangu. Kila asubuhi akiwasha gari anamsemesha kwa Kijapani, na mume wangu anatabasamu. Nifanyeje?*
*Mwenye Wivu, Tanga*

Mwanangu, futa machozi. Huyo mwanamke namfahamu, yumo kwenye maelfu ya magari nchini. Anachosema kila asubuhi ni kwamba kadi ya kulipia barabara za kule Japani haijaingizwa. Basi. Ni mtoza ushuru. Mumeo anatabasamu kwa sababu ndiye mwanamke pekee anayemdai bila yeye kuelewa. Kile kiboksi kidogo, mara nyingi chini ya dashibodi au kwenye droo ya mbele, ndiko anakoishi. Fundi umeme akichomoe.

Akiwa hapo, mwambie aitazame na redio. Ya Japani inaishia megahatsi 90, kwenye mpya 95, ndiyo maana mumeo anasikiliza stesheni zilezile na anaamini ndizo bora. Kuna kifaa kidogo cha kupanua masafa, si ghali.

Mhariri ananipigia kelele kwamba ukurasa umejaa. Wiki ijayo nitathibitisha kwamba Noah na Voxy ni gari moja lenye nyuso mbili, kwa hiyo wenye Voxy mnaojiona, anzeni kujiandaa. Barua za sifa zitangulie, za maswali zifuate.