YAH: Ombi la Daladala Kuingizwa Kwenye Orodha Yenu

Kwenu Tume ya Ulaya, Brussels.

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Desemba 2024 mliliweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lenu. Juni 2025 mkaona isiwe taabu, mkayazoa yote yenye cheti cha Tanzania, hadi yale ya Cessna Caravan za injini moja zinazopeleka watalii Mafia na Zanzibar, ambazo zikielekezwa kwenu hazifiki hata Khartoum.

Sisi wa Buza, Temeke, hatukununa. Ndege tunazisikia tu zikipaa Kipawa. Kilichotukuna ni sababu yenu: tatizo kubwa ni msimamizi. Wakaguzi wenye sifa hawatoshi, usimamizi hauna makali. Yaani ndege yaweza kuwa Airbus, jina la kwenu wenyewe, na bado ikazuiwa kwa kuwa anayepaswa kuichungulia hachungulii ipasavyo! Wazo hilo, Waheshimiwa, huku halijafika. Gari likikosa breki, huku anakamatwa dereva. Aliyelipitisha kwenye ukaguzi yuko ofisini anakunywa chai.

Juzi nimepanda daladala Tandika, nikapata siti ya mbele. Kioo cha pembeni kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mlango kaushika konda. Konda akidai nauli, anaushika abiria wa jirani. Kioo cha mbele kina ufa kona hadi kona, na pale ufa unapoanzia pamebandikwa stika ya ukaguzi, mpya, inang'aa. Nadhani ndiyo inayokizuia kisidondoke.

Kanuni yenu namba 2111 ya mwaka 2005 inataka abiria aambiwe mapema atabebwa na shirika gani, na likiingia kwenye orodha baada ya kukata tiketi, arudishiwe nauli au atafutiwe usafiri mwingine. Nilimgusia konda habari hiyo. Akaniuliza nashuka wapi.

Kwa hiyo tunaomba daladala ziingizwe kwenye orodha yenu, na mtutumie mkaguzi mmoja tu, wa siku moja. Magari asiyaguse, aanze na waliobandika stika. Nauli tutamlipia, chapati na maharage atapata. Mlango ataushika mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Umoja wa Ulaya,

Abiria, Buza.