Droo ya Joto kwa Nyoka wa Garissa

Boa wa mchanga wa Kenya ni nyoka mfupi na mnene, mwenye mabaka ya kahawia juu ya rangi ya chungwa. Jike hufikia sentimita 80 hivi. Dume ni kama nusu yake na hana la kusema nyumbani. Macho yamekaa karibu na utosi, kwa kuwa kazi yake ni kujifukia mchangani, akaacha macho na pua tu nje, kisha akangoja panya au mjusi apite. Sumu hana. Hunyonga. Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758 kwa kielelezo cha kutoka Misri, lakini wafugaji wa Ulaya na Marekani wamemwandikisha uraia wa Kenya, na Kenya inayohusika hapa ni ile kavu ya kaskazini na mashariki.

Kwao hajui baridi. Mji wa Garissa uko kando ya Tana, kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari na Machi joto hufika nyuzi 36 au 37. Usiku hushuka kidogo, kwa heshima tu. Nyoka huyu akiuzwa hadi Minneapolis, Marekani, ambako Wasomali wengi wa Afrika Mashariki nao wamehamia, hukutana na Januari ileile wanayokutana nayo wao. Binadamu hununua koti. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, kwa hiyo koti halimfai kitu, hununuliwa kabati.

Kabati hilo ni rafu za mbao zilizopangwa mabeseni bapa ya plastiki yanayovutwa kama droo. Beseni halina kifuniko, ubao wa rafu ya juu yake ndio kifuniko. Upande wa nyuma wa kila rafu hubandikwa ukanda wa umeme unaopasha moto, nao hupita chini ya theluthi moja tu ya beseni. Theluthi hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni useremala. Upande wa moto huwekwa kwenye nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili huachwa kwenye 26 hivi, na nyoka hujichagulia. Akishakula huhamia penye moto, maana bila joto panya huoza tumboni kabla hajasagika, na nyoka humrudisha mbele ya watu. Shughuli ikiisha, hurudi penye ubaridi. Fundi mwenye huruma nyingi hupasha beseni zima, akajisifu kwa ukarimu, na mgeni wake akakosa pa kukimbilia.

Ukanda wenyewe hauna akili. Akili imo katika thamostati, na thamostati nayo hujua lile tu inaloambiwa na kihisio, kijiwaya chembamba chenye kichwa cha kupima joto. Hapa ndipo ajali nyingi huzaliwa. Wanaoanza hukitia kihisio ndani ya beseni, wakidhani ndipo palipo na ukweli. Boa wa mchanga, ambaye hajawahi kuona kitu asichotaka kukifukua, hukisukuma hadi kwenye bakuli la maji. Kihisio huripoti kwamba nchi imeganda. Thamostati, kwa utiifu wa karani mpya, hufungulia moto wote. Nyoka amelala chini ya maranda yaliyotandazwa beseni, tumbo juu ya plastiki, na anaweza kuungua palepale, kwa kuwa silika imemfundisha kukimbia jua la juu na haikumwambia lolote kuhusu jua la chini. Kihisio kinapaswa kubandikwa juu ya ukanda wenyewe, nje ya beseni, kwa utepe wa foili. Utepe wa kawaida huachia gundi joto likizidi, na hadithi huanza upya.

Jambo la pili ni mwanya. Kati ya ukingo wa beseni na ubao wa juu pabaki milimita chache tu. Fundi hupima kwa kumtazama jike, ambaye ni mnene kweli, akaridhika. Anasahau kwamba boa huyu hatagi: huzaa watoto hai, aghalabu kumi au zaidi kwa mkupuo, na kila mmoja ni mwembamba kama penseli. Asubuhi beseni lina mama peke yake. Msako huanzia nyuma ya friji, karibu na mota, kwa sababu ndiko kwenye joto. Friji hiyohiyo ndiyo inayohifadhi panya waliogandishwa, chakula cha wiki, na mgeni anayetafuta barafu ndani yake huwa na maswali.

Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ina sababu ya kujenga kabati kama hili. Usiku wa Julai haumfai nyoka wa nyanda za chini. Garissa ni kesi nyingine. Hapa ukanda wa joto ndio wa kwanza kutupwa, maana chini ya paa la mabati saa nane mchana kabati lote ni upande wa moto. Shida inageuka: zitapatikana wapi nyuzi 26? Gunia lililoloweshwa hupoza vizuri katika hewa kavu, lakini unyevu ukiingia kwenye maranda huleta vidonda tumboni mwa nyoka wa jangwani. Kiyoyozi hutegemea umeme usiokatika. Kaunti ina mtambo mkubwa wa umeme wa jua, wa megawati zaidi ya 50, uliozinduliwa mwaka 2019, na hesabu inachekesha: jua limpikie nyoka bure, kisha lilipiwe ili limpoze. Njia inayobaki ni kuteremsha kabati ardhini, nusu mita chini, ambako joto la mchana halifiki kwa urahisi. Fundi akifika hapo huwa amejenga shimo.

Majirani nao wana maoni. Nyoka yeyote mnene huitwa kifutu, na kifutu hujibiwa kwa rungu. Hawana kosa kubwa: nchi hizo kavu ndizo makao ya swila mkubwa atemaye mate, Naja ashei, aliyetambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Huyo hawekwi kwenye droo na mtu mwenye macho anayoyathamini.

Halafu kuna sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kufuga mnyamapori Kenya kunahitaji kibali, na anayehusika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kumvusha boa mpaka kunadai pia karatasi za mkataba wa kimataifa wa CITES, ambamo ameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili. Boa anayeishi chini ya zizi la mbuzi kwa hiari yake hadaiwi karatasi yoyote. Akishawekwa kwenye droo, hata kama droo yenyewe iko mita mbili kutoka kwenye zizi, mwenye droo aanze kujaza fomu.