Afande, Pokea Pongezi

Mkazi wa Uswahilini,
Dar es Salaam.

Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi,

YAH: PONGEZI KWA UMAKINI WA KAUNTA YAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mpangaji mwenzangu, binti kiziwi anayeuza maandazi, alibakwa chumbani kwake. Usiku uleule tulimleta kwenu kwa bajaji. Askari wako, kwa kujali utaratibu, akataka ajieleze mwenyewe, kwa mdomo wake. Binti akaeleza kwa mikono. Akachora kovu shavuni, akaonyesha urefu wa mtu, akahesabu milango ya nyumba yetu mpaka mlango wa huyo mtu. Tulielewa sote, hata dereva wa bajaji. Askari akaandika: "Mlalamikaji hana maelezo."

Najua Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamruhusu asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Lakini hiyo ni ya mahakamani, na kaunta yako imehakikisha kesi haifiki huko. Najua pia kwamba mwaka 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa unaotaka polisi wafunzwe kuwahudumia watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria yake, Na. 9 ya 2010. Bila shaka nakala yenu ipo kabatini, na ufunguo anao aliye likizo.

Kesho yake mkapata mkalimani. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wanao wa lugha ya alama, ila nyie mlimpata wa karibu zaidi, palepale kwenye benchi: shemeji wa mtuhumiwa. Binti alirusha mikono robo saa nzima, machozi yakimtoka. Mkalimani akafupisha: "Anasema amesamehe."

PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mkatupa siku ya tatu. Binti alikuwa ameshaoga, na ushahidi umekwenda na maji. Mkatushauri tuyamalize kifamilia. Familia ipi, Afande? Yule bwana bado anakaa mlango wa pili kutoka kwa binti, na asubuhi hununua maandazi. Hulipa taslimu, siwezi kumsingizia.

Ombi langu ni dogo. Vijana wako wakija doria, wasisukume mlango wa chumba cha nne. Binti hulala amefunga kamba kwenye komeo, ncha ya pili kwenye kidole gumba cha mguu, kwa sababu mlango ukifunguka hausikii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpangaji, chumba cha tatu.